Tairi Moja kwa Yohana, Moja kwa Mbwana

Kijana akija kuniuliza tela yake aifunge tairi za aina gani, hutaraji nimjibu neno moja aende zake. Halipati. Namuuliza kwanza: inabeba nini? Inapita wapi? Usiku inalala na mzigo au imeshushwa? Akianza kujikuna kichwa najua ameshanunua, na amekuja kutafuta mzee wa kumwambia kwamba amefanya vyema. Wengi wenu ndivyo mlivyo, wanangu. Mnanunua kwanza, ushauri mnautafuta baadaye.

Siku hizi mnasema bayasi na radiali. Sisi tulisema za nyuzi na za waya, basi. Za nyuzi ndizo nilizozikuta nilipoanza kazi hapa Tanga. Ndani yake nyuzi zimepishana mshazari, tabaka juu ya tabaka, kama ukindu kwenye mkeka, na ubavu wake ni mgumu. Ukiipakia tela kupita kiasi, na nani Tanga hakupakia kupita kiasi, tairi ya nyuzi inanuna lakini inavumilia. Ubaya wake ni joto. Tena ikilala na mzigo, asubuhi inaamka na bapa upande wa chini, na njia nzima unaisikia ikigonga mpaka ipate moto. Dereva mgeni husimama, akashuka, akatafuta kilichovunjika.

Za waya tulianza kuziona miaka michache kabla ya Uhuru. Waya zake hupita moja kwa moja kutoka ubavu huu hadi ule, na juu, pale panapokanyaga ardhi, pana mkanda. Hazichemki upesi wala haziliki upesi. Lakini ubavu wake ni laini, unabonyea hata upepo ukiwa kamili. Ukiitazama utaapa kwamba inahitaji pampu.

Na watu waliapa kweli. Huwezi kupita na tairi ya waya mbele ya baraza lolote mjini bila mtu kukupigia kelele, "We dereva! Tairi imelala!" Mwuza kahawa alijua. Mwuza maji alijua. Dereva mmoja wa lori la chokaa alichoka kuambiwa, akazijaza upepo mpaka zikasimama wima kama za nyuzi, akafurahi, akaondoka. Hakufika mbali. Kwa hiyo jambo la kwanza nawaambia: upepo hupimwa kwa kipimo. Jicho liachieni kazi ya kutazama mahali mnapokwenda.

Fundi wangu aliitwa Hoza, Mbondei wa Muheza, mtu mfupi mwenye mikono iliyojaa makovu ya chuma cha kuvulia tairi. Tulikuwa na gereji nyuma ya ghala la tajiri wetu, mtaa wa Usagara. Fundi Hoza hakujua kusifu. Ukibandika kiraka vibaya angekitazama kwa muda mrefu, kisha aseme, "Rajabu, hiki si kiraka. Hili ni kosa lililokauka." Ukibandika vizuri, hakusema kitu, nawe ukashukuru kwa hicho kimya. Alinifundisha kugonga tairi kwa nyundo ya mti na kusikiliza. Alinifundisha, gari linaporudi safari, kuweka mgongo wa kiganja kwenye kila tairi, kwa sababu iliyo na moto kuliko wenzake ina jambo inaficha. Mpaka leo nikipita karibu na tela iliyosimama mkono unaniponyoka wenyewe. Mke wangu ameshanikataza, anasema iko siku nitapigwa.

Huyo tajiri wetu aliitwa Bwana Nasoro. Asili yake Omani, lakini babu yake alikwishazikwa hapa hapa. Alikuwa na malori mawili, na kila lori lilivuta tela ya ekseli moja. La kwanza liliendeshwa na Mbwana, Mdigo mcheshi, aliyeleta nazi na mbata kutoka Mwera na Pangani. La pili liliendeshwa na Yohana, aliyeleta robota za mkonge kutoka mashamba ya Muheza mpaka bandarini.

Huyu Yohana ndiye ninayetaka mumjue. Alikuwa Mshambaa wa milimani, Mlutheri, mrefu, mwenye sauti nene ya kwaya. Baba yake alikuwa na shamba zuri la kahawa, akalinywa. Alianza na miche ya pembezoni, akamalizia na kiwanja cha nyumba. Yohana akamwapia mama yake kwamba pombe haitapita kooni mwake, hata ya kuonja. Harusini wakimpa kikombe alikipokea kwa adabu, akampa jirani. Alituudhi, maana alijisifu nalo mno. "Mimi na pombe, mbalimbali," angesema hata hujamuuliza. Wenzake walikuwa na mashamba na ng'ombe. Yeye alikuwa na hilo tu, na alilitunza kama mali.

Basi siku moja Bwana Nasoro akapata dukani tairi za waya za kutosha tela. Mbili. Zilikuwa zimebaki hizo. Habari ikafika gereji kabla ya tairi zenyewe, na Yohana na Mbwana wakaanza.

"Mimi ndiye ninayebeba mzigo mzito," akasema Yohana.

"Na mimi ndiye ninayepita barabara mbovu," akajibu Mbwana. "Mzigo mzito unabebwa na tela, hubebi weye."

Walibishana mpaka Bwana Nasoro akatoka ghalani na kofia yake mkononi. Lazima mwelewe kwamba huyu bwana alikuwa na wake wawili, na sifa yake kubwa mjini ilikuwa uadilifu. Doti ya kanga ikiingia nyumba hii, doti kama ile imeingia na nyumba ile. Watu walimtolea mfano. Akawasikiliza madereva wake, akatabasamu, akatoa hukumu.

"Tairi moja kwa Yohana, moja kwa Mbwana. Asiwepo wa kununa."

Tukasema wote, naam, hayo ndiyo maneno. Fundi Hoza akatikisa kichwa kwa kuridhika. Yohana akashukuru, Mbwana akashukuru. Nikafunga mimi mwenyewe: kila tela, kushoto tairi mpya ya waya, kulia ya nyuzi iliyokuwapo. Zilipendeza. Hakuna aliyenuna.

Tela ya ekseli moja, wanangu, ni kitu kinachofuata tu. Hakina usukani wa kujitetea. Ukiipa ubavu laini upande mmoja na ubavu mgumu upande wa pili, kila mzigo unapoinama kidogo, upande mmoja unazama na wa pili unakataa. Ukienda polepole huoni. Ukikaza mwendo, inaanza kutikisa nyuma, inalivuta lori huku, inalivuta kule. Leo nayasema haya kama niliyezaliwa nayo. Siku ile hakuna kati yetu aliyeyajua.

Mbwana hakuona lolote. Barabara ya Pangani wakati ule ilikuwa mchanga na mashimo. Huko tela zote ziliyumba, hata ambayo ingevutwa na mtume isingekosa kuyumba. Lakini upande wa Muheza palikuwa na kipande cha lami, kimenyooka, na watu wamekaa pembeni wakiuza machungwa. Siku nzima hawana la kutazama ila magari. Wakamwona Yohana akija na tela inakwenda kama mbuzi asiyetaka kufika sokoni. Wakajua.

"Kalewa."

Neno hilo lilikwenda mjini kwa kasi kuliko lori lenyewe. Askari wa geti la shamba akaanza kumwinamia dirishani asubuhi, anamsalimu kwa karibu mno, pua kwa mdomo. Hakunuka kitu. Askari akasema jamaa ni fundi, anajua kuficha. Wiki hiyo hiyo Yohana akaumwa jino. Mtu akampa karafuu atafune, kama tunavyofanya sote, na kesho yake getini mdomo ukanukia karafuu tupu. Nani asiyejua kwamba karafuu ndiyo ya kuulia harufu ya tembo la mnazi? Kwa hiyo ilipokosekana harufu, ulikuwa ushahidi. Na ilipopatikana harufu nyingine, ulikuwa ushahidi zaidi.

Mbwana, kwa mapenzi kabisa, alimchukua kando pale gereji. "Ndugu yangu, mimi sikulaumu. Milimani kwenu kuna baridi. Lakini kama kunywa, kunywa Jumamosi."

Yohana alimwacha pale pale. Alikuja kukaa karibu na mimi juu ya tairi chakavu, akaniuliza, "Rajabu, wewe unaamini?" Nikamwambia siamini. Akasema, "Basi tazameni tela. Mimi nashika usukani wima, mama yangu shahidi. Ni tela."

Tukatazama. Tulifungua beringi, tukazipaka grisi. Tulikagua springi, jani kwa jani. Tulibadilisha pini ya kuvutia. Fundi Hoza akagonga tairi zote mbili kwa nyundo yake, zikalia vizuri, kila moja kwa sauti yake. Kisha akainama nyuma, akafumba jicho moja, akaona ile ya waya imebonyea. "Hii ndiyo," akasema. "Ina upepo kidogo." Akaijaza mpaka ikalingana na mwenzake kwa macho. Nilikuwapo, nami niliona imependeza. Kumbe tulikuwa tunamtengenezea Yohana kaburi la jina lake.

Siku ya pili yake, akishuka kilima kuelekea darajani, tela ikatikisika mara moja, ikatikisika tena, ikalala ubavu. Utingo aliruka salama. Robota zikamwagika mpaka kwenye shamba la mihogo la mtu. Yohana alishuka akitetemeka, na kwa kutetemeka akapepesuka, na watu wa machungwa walikuwapo wote wakimtazama akipepesuka.

Bwana Nasoro alikuwa mvumilivu wa mambo mengi, lakini pombe haikuwa mojawapo. Alinyoosha mkono tu. Yohana akaweka ufunguo kwenye kiganja chake.

"Bwana, naapa kwa Mungu sijanywa."

"Usiongeze dhambi juu ya dhambi," akasema Bwana Nasoro, na kwa kweli alisema kwa huruma.

Siku zile zilizofuata Yohana alikuja gereji kila asubuhi, amechana nywele, amevaa shati la kazi, akakaa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aende. Habari ilikwishapanda milimani, mama yake alituma ujumbe kwa mtu wa basi, maneno mawili tu: "Na wewe?" Yohana aliponieleza hilo alilia waziwazi, na mimi nikajifanya nimeangusha spana nikainama kuitafuta.

Jibu, wanangu, lilitoka kwenye samaki.

Bwana Nasoro alikuwa akinunua samaki mkubwa sokoni, nguru au changu wa maana, na kumtuma mmoja wetu apeleke majumbani. Na uadilifu wake ulikuwa huu: samaki hakukatwa katikati, maana nyumba moja ingepata kichwa na nyingine mkia, na kichwa si sawa na mkia. Alipasuliwa kwa urefu, toka mdomoni mpaka mkiani, kila nyumba ipate jicho moja. Wapasuaji sokoni walimlaani kimoyomoyo. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu, na nikaanzia kwa Bi Mkubwa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Nimeleta samaki."

"Marahaba. Umeleta nusu uso wa samaki," akasema, akipokea kapu mlangoni. "Haya, na yule Mshambaa wenu mmemfukuza kwa nini? Mtu mwenye adabu vile. Alipoleta gunia hapa hata maji alikunywa kwa kuomba."

Nikamweleza. Pombe, tela, mihogo. Nikamweleza na juhudi zetu, beringi na springi, ili asidhani sisi gereji ni wazembe. Nikamaliza kwa kusema tairi haziwezi kuwa na kosa, maana Bwana mwenyewe aligawa kwa haki, ya waya moja huku, moja kule.

"Moja moja?"

"Moja moja, Bi Mkubwa."

"Na ile nyingine?"

"Ya zamani, ya nyuzi. Ni nzima kabisa."

Bi Mkubwa akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango, na kapu la samaki likaniinamia.

"Mwambie bwana wenu," akasema alipopata pumzi, "siku moja anunue makubadhi jozi moja. Kiguu kimoja anipe miye, kimoja ampelekee mwenzangu. Kisha atuite siye wawili tutembee mbele yake na kiguu kimoja kipya na kimoja cha zamani, atuambie nani kalewa."

Sijui nyumba ya pili nilifikaje. Nilirudi gereji mbio, nikamwambia Fundi Hoza maneno hayo kama yalivyo. Alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akaweka kikombe chini, akasema, "Leta jeki."

Tukazivua, maana na tela ya Yohana ilikuwa imeshainuliwa na kurudishwa gereji. Za waya zote mbili tukampa Yohana wa lami, tukazitia upepo kwa kipimo. Za nyuzi zote mbili tukampa Mbwana wa mchanga na mashimo, ambazo ndizo zilizomfaa tangu mwanzo, kwa sababu jiwe la barabara ya Pangani lingeupasua ule ubavu laini kama boga. Mbwana alinuna. Nikaelewa siku hiyo kwamba kazi nzuri ya tairi lazima mtu mmoja anune.

Fundi Hoza akamwomba Bwana Nasoro ruhusa ya kulijaribu lile lori, Yohana akiwa usukanini. Wakapakia, wakaenda mpaka Muheza na kurudi, mimi nikiwa juu ya robota natazama nyuma. Tela ilifuata kama imechorewa mstari. Pale kwenye machungwa watu walisimama. Yohana alikaza mwendo makusudi, akapita akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti yake yote.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Bwana Nasoro alitungoja mbele ya ghala. Fundi Hoza akaanza kumweleza habari za ubavu laini na ubavu mgumu, kwa heshima, akizunguka mbali ili asiikanyage ile hukumu ya haki. Bwana Nasoro alisikiliza nusu. Macho yake yalikuwa kwa Yohana, na yalikuwa na machozi.

"Alhamdulillahi," akasema. "Umeacha."

"Bwana, sikuwahi kunywa. Ni tairi."

"Naam, naam. Usijali. Kila mja huteleza. Mimi nimekusamehe mbele ya hawa wote." Akamnyooshea ufunguo.

Nilimtazama Yohana. Ufunguo ulikuwa pale, na msamaha umefungwa pamoja nao, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine. Mama alikuwa mlimani anangoja ada ya shule ya wadogo zake. Akaupokea. Alisema ahsante kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Jumapili, kanisani, mchungaji alimshukuru Mungu kwa ndugu mmoja aliyeiacha chupa. Watu wa machungwa wakawa wanampigia makofi akipita. Halafu wakaanza kuja wake za watu: "Yohana, uliwezaje? Zungumza na mume wangu." Mwanzo aliwafukuza. Alipoona hawaishi, alikwenda kuzungumza na mmoja, kwa hasira tu, amweleze habari za shamba la kahawa la baba yake. Yule mtu akaacha pombe. Akaja mwingine, naye akaacha. "Rajabu," aliniambia, "nikiwaambia sikuwahi kunywa hawanisikilizi. Wanamsikiliza mlevi tu." Akawa mshauri wa walevi kutoka Tanga mpaka Korogwe, mtu ambaye hakujua hata tembo la mnazi lina ladha gani.

Tulizeeka hivyo. Tairi za waya zikajaa kila mahali. Yohana alirudi kwao milimani, na juzi juzi akatutoka. Nilipanda kwenda kumzika, na baridi ile ya kwao ikiingia mpaka kwenye mifupa. Kanisa lilijaa. Msoma wasifu akafika pale: marehemu katika ujana wake alitekwa na ulevi, lakini kwa neema akaacha. Watu waliitikia kwa uchungu mtamu. Mzee mmoja alisimama akasema, "Huyu ndiye aliyenitoa shimoni, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwamo."

Nikashindwa kukaa. Mimi ni Mwislamu, kanisani kwao ni mgeni, lakini niliinua mkono, wakaniruhusu. Nikasema, "Mimi ni Rajabu, fundi wa tairi. Nilimjua siku zile. Yohana hakuwahi kunywa hata tone. Alimwapia mama yake, na akatimiza. Tela ilikuwa imefungwa tairi moja ya waya na moja ya nyuzi. Nilizifunga mimi kwa mikono hii."

Mjane wake, aliyekaa mbele, aligeuka akaniangalia, akafunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka. Kisha mchungaji, kijana mwema sana, akashuka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akawageukia watu.

"Ndugu zangu," akasema, "Mungu atupe sote rafiki kama mzee huyu, wa kutusitiri hata baada ya kufa."

Wakasema amina, kanisa zima. Nikakaa.